Darasa Linalofuata Maji

Kazi ya mwalimu huyu huanza wiki kadhaa kabla ya safari, mezani, juu ya jedwali la kupwa na kujaa kwa maji katika bandari ya Mombasa. Analishuka kwa ncha ya penseli, siku baada ya siku, akitafuta bamvua. Mwezi unapoandama au unapopevuka, maji ya pwani ya Kenya hupwa kabisa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku kama hiyo darasa linaweza kuyafuata maji yanaporudi baharini, likafanya kazi kwenye tope lililo wazi, likatoka kabla hayajarejea. Ratiba ya chuo humpa Jumatatu. Jedwali humpa Alhamisi. Basi huandika barua ya kuiomba Alhamisi, na asipojibiwa huandika nyingine, kwa upole uleule.

Anafundisha uhifadhi wa mazingira katika chuo kikuu, na darasa lake la vitendo hulipeleka Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Mito ya Mkurumuji na Kidogoweni humwaga maji yake katika ghuba ile. Mbele kuna nyasi za bahari, mbele zaidi miamba ya matumbawe, na ukingoni kumesimama koko la hekta 600 hivi. Mengi yameandikwa juu ya mikoko ya Gazi. Mimi naandika juu ya namna inavyofundishwa, kwa sababu kufundisha kwa namna hii ni kazi ya ufundi, nao hauonekani mpaka mtu akae karibu na fundi na kutazama mikono yake.

Siku moja kabla ya wanafunzi kufika, yeye huingia kokoni na mzee mmoja wa kijiji aliyekuwa mkata boriti enzi za ujana wake. Wanasalimiana kwa kirefu, wanaulizana hali za watoto, ndipo wanashuka topeni. Anachagua pa kupitisha kamba, anaijaribu njia kwa miguu yake, anatazama ni wapi tope linameza hadi gotini na wapi linabeba. Penye mti wa kufundishia hasimamishi kibao. Kule mbele lipo daraja la mbao lililojengwa na kina mama wa Gazi kwa ajili ya wageni, nalo wanafunzi watalipitia jioni. Lakini darasa halianzii hapo. Juu ya mbao mguu hauulizi kitu.

Vifaa vyake vinaenea kwenye mkoba mmoja. Kamba ya mita 100 yenye alama kila baada ya mita 10. Dira. Tepe za kitambaa, za washonaji. Refraktomita, kifaa kidogo cha kupimia chumvi katika maji. Chaki, nyuzi nyekundu, vijiti vilivyochongwa. Penseli, kwa maana wino hulowa. Viatu ni raba za kufungwa kwa kamba. Mabuti marefu amekwisha kuyakataza, kwa sababu tope la mikoko huyashika yakabaki humo, mguu ukatoka peke yake.

Asubuhi ile wanafunzi walishuka kwenye basi wakiwa bado wanasinzia. Walimwamkia mzee, “Shikamoo, Mzee,” naye akaitikia, “Marahaba, wanangu.” Kisha wakasubiri mhadhara. Haukuja. Mwalimu aliwapa kazi moja tu: kila kundi liingie hatua chache na kurudi na majani, jani moja la kila mti unaoonekana kuwa tofauti na mwingine. Jina hakutaja hata moja.

Walirudi na majani, wakayapanga juu ya turubai. Kundi moja lilipata mafungu manne, jingine saba. Hapo nilitarajia atasahihisha. Alichuchumaa, akachukua majani mawili kutoka fungu moja, akayageuza tumbo juu, akayaweka kando kwa kando, akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko ninavyoweza kuvumilia mimi. Mwishowe msichana mmoja akainama. Jani moja lilikuwa na vidoadoa vyeusi upande wa chini na ncha kali kama ya sindano, na la pili halikuwa na vidoa. Fungu likagawanyika. Mwalimu akaokota jani jingine, lenye weupe wa kijivu chini yake, akaligusisha ulimi na kumpitishia kijana wa jirani. Kijana akalamba, akakunja uso, akasema, “Chumvi.” Jani likazunguka turubai zima.

Baada ya mafungu kutulia ndipo alipomgeukia mzee. Mzee akayataja: lenye vidoa na ncha ni la mkoko wenyewe, lisilo na vidoa ni la mui, lenye chumvi ni la mchu, la mviringo ni la mlilana, dogo lililoelekea juu ni la mkandaa. Kila jina alilitaja pamoja na kazi yake. Mkoko na mkandaa hutoa miti ya kujengea. Gome la mkandaa hutia rangi. Mlilana hutoa mataruma ya jahazi. Wanafunzi waliandika haraka, na niliona kwamba hawakuwa wanaandika majina matupu: kila jina lilikuwa na jani ambalo mkono ulikuwa umekwisha kulishika. Nilimuuliza mwalimu baadaye kwa nini analichelewesha jina. Alisema mwanafunzi akishapewa jina huacha kutazama.

Saa tatu maji yalikuwa yameshuka vya kutosha. Kamba ilianza kuvutwa kutoka nchi kavu kwenda baharini. Lakini kabla ya kuivuta, alimtaka kila mmoja achore kwenye daftari kile anachotarajia kukikuta, na aandike ni wapi chumvi itakuwa nyingi zaidi. Hapa nakiri kwamba nilianza kumwona fundi waziwazi. Michoro ilifanana, kwa sababu kitabu walichosoma ni kimoja: mlilana ukingoni mwa bahari, kisha mkoko, kisha mui na mkandaa, na mchu nyuma kabisa kuelekea nchi kavu. Kuhusu chumvi walikubaliana karibu wote. Bahari ina chumvi, nchi kavu ina mvua, kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali na bahari ndivyo chumvi inavyopungua. Aliyasoma majibu yote, akayarudisha bila alama yoyote, akasema, “Haya, twendeni tukaone.”

Kwenye alama ya kwanza, upande wa nchi kavu, kulikuwa na mchu mfupi, wenye vishina vilivyopinda, haukumfikia mtu kifuani. Walichimba kishimo kwa mkono, wakangoja maji yajikusanye, wakadondosha tone kwenye kioo cha refraktomita. Maji ya bahari husoma 35 hivi kwa kila 1,000. Kijana aliyekuwa ameshika kifaa alitazama, akakifuta, akadondosha tone jipya, akatazama tena, akamwomba mwenzake atazame. Mstari ulikuwa umeipita 35 kwa mbali.

Mwalimu hakutabasamu wala hakusema, “Mnaona?” Aliuliza tu bahari hufika pale mara ngapi kwa mwezi. Wakahesabu: wakati wa bamvua peke yake. Je, katikati ya bamvua na bamvua, jua linafanya nini na yale maji yaliyobaki? Swali hilo hakulijibu mtu papo hapo, wala yeye hakulirudia. Kamba ikasonga. Katika alama ya tatu, kundi likiwa linahangaika na mizizi, yule kijana wa kioo akasema peke yake, kama anayejisemea, “Maji yanakauka, chumvi inabaki.” Mwalimu, aliyekuwa hatua kumi mbele, alisimama. Akamwomba aseme tena kwa sauti ili wote wasikie.

Jambo jingine alilokuwa amelinyamazia liliwangoja mwisho wa kamba. Huko, mbele kabisa, karibu na mililana, walikuta tena mchu, ila huu ulikuwa mrefu, mnene, wenye mizizi mingi ya kupumulia iliyochomoza topeni. Mti uleule ukingoni mwa bahari na uleule ukingoni mwa nchi kavu, na katikati aina nyingine. Michoro yote ya asubuhi ilikuwa na mchu mahali pamoja. Watafiti wameueleza mgawanyo huu wa Gazi katika majarida ya sayansi, na mwalimu angeweza kuwasomesha darasani kwa dakika mbili. Alikuwa amewatembeza asubuhi nzima ili waufikie kwa miguu, na waukute wakiwa wameshika daftari lenye jibu lisilolingana nao.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyo ngumu kuipenda, na ndiyo iliyonifundisha zaidi kumheshimu. Ni kupima. Vijiti vilichomekwa kwenye pembe za mraba wa mita 10 kwa 10, kamba ikazungushwa, na kila mti ulio ndani ukatiwa alama ya chaki. Shina hupimwa mzingo kwa tepe kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, kisha mzingo hugawanywa kwa 3.14 ili kupata kipenyo. Mkoko hauna shina la kuanzia chini, kwa kuwa mizizi yake huinama kutoka juu na kuingia topeni pande zote. Huo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Wanafunzi wengi hupenda kukadiria. Hapo yeye hupiga magoti, anautafuta mzizi wa juu kabisa kwa kidole, anaweka rula, anaweka alama, anazungusha tepe, anaangalia nyuma ya shina kama tepe haikupanda, ndipo anasoma. Mti mmoja tu. Kisha humpa mwanafunzi tepe.

Kila mti wa tano hupimwa mara mbili, na watu wawili wasiosikiana. Namba zikipishana, hakuna anayekaripiwa. Wote wawili wanarudi kwenye mti, kila mmoja anaonyesha alipoweka tepe. Mara nyingi tofauti inapatikana nyuma ya shina, pale ambapo hakuna aliyetazama. Jua lilikuwa limepanda, mbu walikuwa wengi, na kijana mmoja aliuliza kama sentimita mbili zina ubaya wowote. Mwalimu alisema wataliangalia hilo jioni.

Mzee naye hupima, kwa macho. Anautazama mti na kusema, “Hii pau,” “Hili zio,” “Hii boriti.” Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila jina lina unene wake, na miti iliuzwa kwa korija, 20 kwa korija moja. Boriti ni ya sentimita 11.5 hadi 13.5. Mwalimu aliwaacha wanafunzi wapime nyuma yake kila alipotaja, na katika orodha ile jicho la mzee halikuwa mbali na tepe. Alilifanya hilo polepole, mti kwa mti, na nadhani alikusudia wasomi wale waone kwamba kabla ya kufika kwao na daftari, koko lilikuwa limekwisha kuhesabiwa na watu waliolitegemea.

Waliofuata kuhesabiwa ni miche. Iliyo chini ya sentimita 40 fungu lake, ya 40 hadi 150 fungu lake, ya 150 hadi 300 fungu lake. Ni kazi ya kuinama, nayo ndiyo inayosema kama koko lina kesho. Msitu wenye miti minene bila miche unapendeza katika picha, na mwalimu huwa anawakumbusha wahesabu tena wakidhani wamemaliza.

Mapema asubuhi alikuwa amewafanya wafunge nyuzi nyekundu kwenye majani makavu ya mkoko, uzi wa mita moja kwa kila jani, na kuyaacha yamelala topeni. Hakueleza kwa nini. Wakati wa kupumzika aliwaambia wakayatafute. Majani mengine yalikuwa yamezungukwa na konokono wakubwa wa matope, wakila. Mengine hayakuwepo, uzi peke yake ulionekana, umenyooka juu ya tope na kuingia katika tundu la kaa. Mwanafunzi mmoja alivuta, uzi ukagoma, halafu ukavutwa kutoka upande wa pili. Alipiga kelele ya furaha. Kisha wakajadiliana wenyewe, bila kuulizwa, jani lililozikwa linakwenda wapi.

Mwalimu aliyapokea mazungumzo yale yalipokuwa yamefika. Alichukua bomba la chuma la kuchukulia udongo, akalikandamiza kwa uzito wa mwili wake, akalizungusha, akalivuta taratibu ili udongo usikatike, akalilaza juu ya turubai. Juu udongo ulikuwa wa kahawia, chini mweusi, wenye nyuzi za mizizi ya zamani ambazo bado zilionekana kuwa mizizi. Aliwaita wanuse. Harufu ya yai viza. Wale wa biolojia walijua harufu hiyo ni ya vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni. Aliuliza kitu kimoja: pasipo oksijeni, jani na mzizi huoza kwa kasi gani? Wakatazama tena zile nyuzi nyeusi. Katika koko sehemu kubwa ya kaboni haiko kwenye miti, iko humo chini, na wao walikuwa wameishika kabla ya kuambiwa.

Maji yalipoanza kugeuka aliwatoa kwa njia iliyopita penye uwazi. Hapo mzee ndiye aliyesema. Miaka ya 70 miti ilikatwa kwa wingi kwenda kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na sehemu zilizobaki wazi hazikurudi. Upepo na mawimbi vilisogeza mchanga, mbegu hazikushika. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, miongoni mwao James Kairo, walianza kupanda pamoja na wanakijiji. Msitu uliopandwa unatambulika kwa mistari yake iliyonyooka. Mwalimu aliwataka wanafunzi watafute ndani ya mistari kitu ambacho hakikupandwa na mtu. Walipata miche ya mkandaa na ya mui, iliyoletwa na maji. Wakaihesabu nayo.

Jioni, chini ya minazi, ndipo jibu la sentimita mbili lilipotolewa. Mwalimu aliandika ubaoni kanuni inayogeuza kipenyo cha mti kuwa uzito wake. Kipenyo ndani ya kanuni hiyo hupandishwa kwa kipeo kinachozidi mbili, kwa hiyo kosa dogo kwenye tepe hukua likifika kwenye uzito. Aliwaacha wakokotoe mraba wao mara mbili, kwa namba sahihi na kwa namba za makadirio. Baada ya hapo tu ndipo alipowaeleza habari za Mikoko Pamoja, mradi ulioanza mwaka 2013 ambao kupitia kwake vijiji vya Gazi na Makongeni huuza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yake yameleta maji safi na vifaa vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Equator. Wanafunzi wengi walikuwa wameusoma. Mmoja akamgeukia yule kijana wa asubuhi: “Kwa hiyo sentimita zako mbili zimeuzwa.” Kijana alikubali kwa kichwa na kurudi kwenye hesabu yake.

Binafsi naamini walimu wa mazingira wengi hushindwa hapa. Huanza na mradi, na tuzo, na fedha, na mwanafunzi anaondoka akiwa mshabiki wa uhifadhi asiyeweza kutofautisha mkoko na mui. Huyu anaanza na jani. Anapofika kwenye fedha, mwanafunzi anajua ni nini hasa kinachouzwa na kinaweza kukosewa wapi.

Kipimo cha kazi yake, hata hivyo, hakipo Gazi. Wengi wa wanafunzi wake hawatoki pwani, na hawatafanya kazi pwani. Safari inapoisha kila mmoja hupewa muda hadi mwisho wa likizo achague mahali panapofikika kwa miguu kutoka kwao, apasome kama walivyolisoma koko. Wapo walioleta machimbo ya mchanga, malisho yaliyochakaa, mfereji wa nyuma ya soko. Mwalimu huyasoma madaftari hayo kwa penseli, na mara nyingi anachoandika pembeni ni swali.

Mwanafunzi mmoja kutoka Nyamira aliandika kwamba mikaratusi iliyopandwa bondeni kwao imekausha chemchemi. Kando ya sentensi hiyo mwalimu aliandika: “Umepima nini?” Daftari likarudi nyumbani na mwenyewe. Lilipofika tena lilikuwa na hatua kutoka kila mti hadi kwenye jicho la maji, na dakika zinazochukua kujaza mtungi wa lita 20, asubuhi na jioni, kwa majuma kadhaa. Mwalimu akaandika: “Na chemchemi isiyo na mikaratusi?” Sasa ipo na hiyo, ng’ambo ya pili ya kilima, imepimwa saa zilezile kwa mtungi uleule. Mwalimu amelisoma daftari lote, ameweka alama ndogo penye hesabu moja ya kurudiwa, na chini yake ameuliza kuhusu mvua.